Hospitali ya misheni haitafuti faida: mbona basi wanatoza?

*"Nakaa kijijini, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Mke wangu ana ujauzito wa wiki 30, makadirio ni wiki ya mwisho ya Januari. Mtoto wetu wa kwanza, ambaye sasa ana miaka miwili na miezi minne, alizaliwa kwa upasuaji baada ya mapigo ya moyo wake kushuka. Nesi wa zahanati amesema safari hii asizalie pale, twende hospitali. Ya misheni iko kilomita 35, ya mkoa iko mjini, zaidi ya 70. Jirani mmoja anasema ya misheni ni bure kwa kuwa haitafuti faida, na wakikutoza ujue wanakula hela za wafadhili. Mwingine anasema binafsi ni binafsi tu, nijiandae kuuza ng'ombe. Tuna kadi ya CHF, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Niende wapi, na niwe na kiasi gani? Na mama yangu ana shida ya macho, naweza kumpeleka huko huko?"*

Ndugu yangu, kubwa kuliko pesa limeshasemwa na huyo nesi: shemeji yetu asizalie zahanati, wala nyumbani. Nianze na sababu yake, kwa kuwa ukielewa kinachoweza kutokea ndani ya kizazi chenye kovu, utajua hasa unakwenda hospitali kutafuta nini, na hapo ndipo utaweza kupima hospitali moja na nyingine.

Kizazi ni msuli. Kikishapasuliwa na kushonwa, pale paliposhonwa panapona kwa kovu, na kovu halivutiki kama msuli wenyewe. Uchungu ukianza, msuli unavuta kwa nguvu kila baada ya dakika chache kwa saa nyingi, na kovu ndilo sehemu dhaifu. Kwa mwanamke mwenye kovu moja la chini lililokatwa kwa mlalo, uwezekano wa kovu kuachia wakati wa uchungu ni takribani wanawake 5 kati ya 1,000. Ni wachache. Lakini kwa hao watano, mtoto hukosa hewa ndani ya dakika chache, na mama humwaga damu tumboni ambako haionekani. Zahanati haina chumba cha upasuaji. Kilomita 35 za barabara ya vumbi usiku ni zaidi ya hizo dakika.

Hii haimaanishi kwamba lazima apasuliwe tena. Wengi huamini kwamba aliyezaa kwa kisu mara moja atazaa kwa kisu siku zote, na si kweli. Kati ya wanaoruhusiwa kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida baada ya upasuaji mmoja, takribani saba katika kumi hufanikiwa. Sababu ya mara ya kwanza ina uzito mkubwa: mapigo ya mtoto kushuka ni jambo la siku ile, si kama nyonga nyembamba ambayo mama anatembea nayo maisha yake yote. Na muda uliopita tangu mtoto wa kwanza unatosha, kovu limekomaa. Kwa hiyo kuna nafasi nzuri. Anayeamua ni daktari atakayempima, na kuna karatasi moja atakayoihitaji sana: ile ya kuruhusiwa mliyopewa wakati ule, inayoonyesha kizazi kilikatwaje. Kovu la nje kwenye ngozi halisemi kovu la ndani likoje. Kama ndani alikatwa kwa wima kuelekea juu ya kizazi, hapo hakuna kujaribu. Anapangiwa upasuaji kabla uchungu haujaanza. Karatasi imepotea? Rudi hospitali aliyojifungulia na jina lake kamili, tarehe na namba ya faili kama unayo, uombe muhtasari kwenye ofisi ya kumbukumbu. Fanya hivyo wiki hii.

Basi unachokwenda kutafuta ni chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku, mtu wa kutoa ganzi, na damu kwenye jokofu. Hospitali yoyote, ya serikali au ya dini, uliza hayo matatu kabla ya kuuliza bei. Na uliza hivi: "Mama akihitaji upasuaji Jumapili saa nane usiku, nani yupo, na inachukua muda gani kuanza?" Ukijibiwa kwamba daktari anaitwa kutoka nyumbani ndani ya eneo la hospitali, hilo ni jibu zuri. Wakikwambia mtoa ganzi yuko likizo na mwingine hakuna, umeshapata jibu, hata kama majengo ni mapya na yamepakwa rangi.

Sasa tuje kwa majirani zako. Wote wawili wamekosea, ila wamekosea mahali pamoja: wamechanganya hospitali ni ya nani, pesa inayobaki inakwenda wapi, na mgonjwa analipa nini. Hayo ni maswali matatu tofauti.

Kisheria, hospitali ya kanisa au ya taasisi ya Kiislamu ni ya binafsi kwa sababu moja tu, kwamba si ya serikali. Sheria ya mwaka 1977 ilipozuia hospitali za biashara, taasisi zilizoidhinishwa, nyingi zikiwa za dini, ndizo zilizoachwa ziendelee. Mlango wa biashara ukafunguliwa tena mwaka 1991. Ndiyo maana leo neno "binafsi" linabeba kliniki ya mfanyabiashara mjini na vilevile hospitali kama Mvumi ya Waanglikana, Makiungu ya Wakatoliki kule Singida, au Mtakatifu Gaspar pale Itigi. "Isiyotafuta faida" maana yake ni kwamba kikibaki kitu mwisho wa mwaka hakuna mwenye hisa wa kugawiwa. Kinarudi kwenye dawa, mishahara na paa linalovuja. Neno hilo halisemi chochote kuhusu bei ya dirishani.

Na mara nyingi hakibaki. Chukua upasuaji mmoja wa uzazi. Kuna dawa ya ganzi ya mgongo na sindano yake maalumu, nyuzi za kushonea pakiti kadhaa, glovu tasa, chupa za maji ya dripu, antibiotiki, oksitosini ya kukaza kizazi, umeme wa kuchemshia vyombo, na dizeli ya jenereta endapo Tanesco watakata katikati. Halafu kuna watu: daktari, msaidizi, mtoa ganzi, mkunga wa kumpokea mtoto, mfuaji wa nguo za damu. Vitu hivyo hununuliwa Bohari ya Dawa au, bohari ikiishiwa, kwa wauzaji wa nje kwa bei ya juu zaidi. Mfadhili wa ng'ambo, pale alipo, hupenda kulipia kinachoonekana: jengo, mashine, gari. Ni nadra kumpata anayelipia dizeli na sabuni mwaka hadi mwaka. Ile ada ya mgonjwa ndiyo inayoziba hapo. Kama ipo hospitali inayokula hela ya wafadhili, wenye kuchunguza wapo na wachunguze, lakini kutozwa peke yake si ushahidi.

Ila jirani wa kwanza amegusa jambo bila kujua. Baadhi ya hospitali hizi zina mkataba wa huduma na halmashauri. Utaona kibaoni "Hospitali Teule". Wilaya ambayo serikali haikuwa na hospitali yake ilikubaliana na ya misheni ifanye kazi hiyo, na kwa upande wake serikali huleta watumishi inaowalipa yenyewe, dawa kiasi, na mgao wa fedha. Chini ya mkataba wa namna hiyo, makundi yenye msamaha kwenye vituo vya serikali, wakiwemo wajawazito na watoto chini ya miaka mitano, huweza kuhudumiwa bila malipo au kwa punguzo. Huweza, kwa sababu mikataba haifanani. Mmoja unajumuisha uzazi wote na upasuaji, mwingine uzazi wa kawaida tu; na halmashauri ikichelewesha fedha, hospitali hurudi kutoza. Kibao kinaweza kuwa kimebaki tangu enzi zile ilhali wilaya imeshajenga hospitali yake na mkataba umebadilika. Anayejua mkataba wa leo ni mganga mfawidhi au mhasibu wa hospitali, na upande wa pili ni ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Mlinzi wa getini hajui, na jirani pia hajui.

Kuna huduma ambazo hazilipiwi hata kwenye hospitali inayotoza kila kitu kingine, kwa sababu mali ni ya serikali na hospitali inaigawa tu: chanjo za watoto, dawa za kufubaza VVU, dawa za kifua kikuu na ukoma, na, pale vinapotolewa, vifaa vya uzazi wa mpango. Ukidaiwa bei ya chanjo ya kawaida ya mtoto, simama uulize.

Kuhusu CHF, hapa ndipo wengi hukwama dirishani. CHF iliyoboreshwa, ile iliyoanza kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka, ilijengwa juu ya vituo vya serikali kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, na kila ngazi kwa karatasi ya rufaa. Hospitali ya misheni huipokea pale tu ilipoingia makubaliano. Na hata inapoipokea, ukifika bila rufaa kadi yako inaweza isifanye kazi. Kwa hiyo omba nesi wa zahanati akuandikie rufaa sasa hivi, iwe na sababu, "kovu la upasuaji, ujauzito wa pili", na sahihi na mhuri. Angalia pia tarehe ya kadi kuisha. Kadi inayokufa tarehe 10 Januari haitakusaidia tarehe 25. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha utaratibu huu mzima, muulize afisa wa bima pale hospitali kadi yako inasomekaje leo. Usitegemee ilivyosomeka kwa mwenzako mwaka juzi.

Umeuliza uwe na kiasi gani. Sikutajii tarakimu, kwa sababu nikikutajia ya hospitali isiyo yako nitakuwa nakudanganya. Nitakupa namna ya kuipata. Siku ya kwanza ya kliniki, nenda kwa mhasibu na uombe bei mbili: ya kuzaa kawaida na ya upasuaji. Kisha ukiwa na kalamu mkononi muulize bei hiyo imejumuisha nini. Ganzi imo? Dawa za baada ya upasuaji zimo? Siku ngapi za kitanda, na siku ya ziada ni shilingi ngapi? Kinachowavunja wengi mgongo ni mtoto. Mtoto akizaliwa amechoka na kupelekwa wodi ya watoto wachanga, kwenye oksijeni na dripu yake, mara nyingi anafunguliwa faili lake na bili yake. Uliza bei ya siku moja ya wodi hiyo. Uliza pia kama kuna amana ya kutanguliza, na kama wanapokea kidogo kidogo kuanzia sasa. Hospitali nyingi za misheni hukubali mtu aweke pesa mapema akapewa risiti, na kwa mkulima hilo ni jambo kubwa. Huu ni msimu wa kupanda, alizeti ya msimu uliopita imeshauzwa, na ng'ombe wa mwisho wa kiangazi ni mifupa. Ukimuuza mwenyewe Desemba mnadani utapata afadhali. Ukimuuza usiku wa uchungu, mnunuzi ndiye atakayepanga bei.

Kama ukipiga hesabu unaona haitoshi, usijifiche hadi siku ya kuruhusiwa. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji, na kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hilo liandikwe, uonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema. Karibu kila hospitali ya misheni ina kifungu cha wagonjwa wasio na uwezo. Ni kifungu kidogo, na anayewahi kueleza hali yake ndiye anayesikilizwa. Anayengoja bili itoke kisha aanze kulia huonekana mkwepaji, hata kama ni maskini kweli. Na ukikubaliwa kulipa kwa awamu, yaandikwe, ubaki na nakala.

Sasa, ya misheni au ya mkoa? Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Dodoma, ambayo wengi bado tunaiita General, kwa sera hupaswi kutozwa uzazi, wataalamu ni wengi zaidi, na likitokea kubwa kupita hapo Hospitali ya Benjamin Mkapa iko mji huohuo. Upungufu wake ni msongamano, pamoja na kwamba kitu kikiisha stoo utaambiwa ukanunue duka la dawa nje. Na kuna gharama wanayoisahau watu: nauli, chumba cha kupanga mjini, na chakula cha ndugu anayemuuguza. Kwa mtu wa kilomita 70 "bure" hiyo ina bei. Ya misheni ni karibu, mkunga atamjua kwa jina, na ndugu watafika na uji. Kama yale matatu, yaani chumba cha upasuaji usiku, ganzi na damu, yapo kweli, mimi ningeegemea ya misheni. Lakini kuna hali moja inayobadilisha kila kitu: kondo la nyuma. Kwa mwenye kovu, kondo linaweza kujishika chini, juu ya kovu lenyewe, na kuzama ndani yake. Likiwa hivyo, upasuaji wake unatoa damu nyingi sana na si wa hospitali ndogo. Ultrasaundi ya sasa ionyeshe kondo liko wapi. Likionekana liko chini, irudiwe kati ya wiki ya 32 na 36, na likibaki pale pale juu ya kovu, safari ni ya mjini bila mjadala.

Panga tarehe kwa kuangalia mvua. Wiki hii na ijayo apelekwe kliniki ya hospitali mliyochagua: ultrasaundi, kundi la damu, wingi wa damu. Wingi ukiwa chini ya 11 una miezi miwili ya kuupandisha. Vidonge vya FEFO, vile vya kuongeza damu, kila siku, asivimeze na chai maana chai huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Avimeze na maji, na embe zinaanza kuiva, ale. Mwishoni mwa Desemba makorongo ya Chamwino huanza kujaa, na korongo ambalo leo unavuka kwa bodaboda mchangani linaweza kukuzuia saa sita. Kwa hiyo asingojee uchungu kijijini. Ikifika wiki ya kwanza ya Januari, atakapokuwa na wiki 37 hivi, ahamie nyumba ya kusubiria ya hospitali kama ipo, au kwa ndugu aliye karibu nayo. Uliza mapema kama nafasi ipo na wanapikaje, kwani kwenye nyumba nyingi za kusubiria mama hujipikia. Atahitaji unga, mboga kavu, sufuria, mkaa na mtu wa kukaa naye. Kanga safi nne au tano, beseni, na nguo za mtoto zikae kwenye begi moja pamoja na kadi ya kliniki na ile karatasi ya upasuaji. Akipangiwa upasuaji, kwa kawaida huwa wiki ya 39, yaani takribani tarehe 21.

Andaa na watu wawili wa kuchangia damu, wenye umri kati ya miaka 18 na 65, uzito wa kilo 50 au zaidi. Chupa moja ni kama mililita 450, na hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kutumika. Ndiyo maana wafike siku kadhaa kabla, si usiku wa tukio. Damu haiuzwi. Mtu akikudai bei ya chupa pembeni ya korido, mtafute mganga mfawidhi.

Na wazee wasimpe dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu, wala mtu asimpe vidonge vya misoprostoli vya dukani. Vyote viwili hufanya kizazi kivute kupita kiasi, na hicho ndicho kinachofungua kovu.

Aende hospitali saa hiyohiyo, bila kungoja asubuhi, akitokwa damu, chupa ikivunjika, mtoto akipunguza kucheza, akipata maumivu makali penye kovu yasiyokatika katikati ya uchungu, au uchungu uliokuwa mkali ukikoma ghafla huku yeye akilegea na kutoka jasho baridi. Hiyo ya mwisho watu huidhania nafuu, kumbe kizazi kimeachia. Piga 115, ni bure. Ni namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, na hutuma gari la wagonjwa au dereva wa eneo lenu aliyesajiliwa. Atakayepokea ndiye atakayewaelekeza kituo, na huenda kisiwe kile mlichopanga. Mkubalie, ila mwambie neno la kwanza kabisa: "Ana kovu la upasuaji."

Kuhusu mama, usimpakie safari moja na mjamzito. Mgonjwa mmoja atasahaulika, na nakuhakikishia atakuwa yeye. Muulize kwanza shida ikoje. Kama anaona ukungu unaozidi mwezi hadi mwezi na mboni inaonekana nyeupe, huenda ni mtoto wa jicho, ambaye upasuaji wake ni wa nusu saa au chini ya hapo, kwa ganzi ya jicho tu, na mara nyingi hurudi nyumbani kesho yake. Kama kope zinamchoma na kusugua jicho, huenda ni vikope, ambavyo huku kwetu vina historia ndefu, na hivyo vinataka kurekebishwa kope kabla kioo cha jicho hakijapata kovu. Jicho jekundu lenye maumivu makali na kuona kunakoshuka ghafla halisubiri. Aende siku hiyo. Hizo mbili za kwanza zinaweza kungoja wiki chache. Hospitali za misheni zenye kitengo cha macho hutoka kwenda vijijini kwa huduma za mkoba, na bei ya siku hizo mara nyingi ni ndogo au hakuna kwa sababu mradi wa macho huwa na mfadhili wake. Siku ukiwa kliniki na mkeo, pita chumba cha macho uulize mkoba unaofuata utafika kata yenu lini, na uache namba yako ya simu.